Pweza wa Kedowa: Je, Bahari Yaweza Kufugwa Sebuleni?

Jamaa zetu wa pwani wametawanyika bara kwa kutafuta riziki. Wako waliopelekwa na ualimu, wako waliofuata biashara na malori, na wako mabinti walioolewa huko wakaanza maisha mapya kati ya majani ya chai. Mmoja wao, mama anayeishi Kedowa, kwenye barabara ya kutoka Londiani kuelekea Kericho, ametuuliza swali ambalo hatukuwahi kuulizwa. Mwanawe alimwona pweza mara moja tu, alipokwenda likizo kwa bibi yake, na tangu siku hiyo hana usingizi. Ataka afugiwe pweza nyumbani, ndani ya hodhi la kioo lenye maji ya chumvi. Baba mtu ameshaanza kuulizia bei ya hodhi. Mama auliza: je, yawezekana? Na kama yawezekana, je, yafaa?

Hayo ni maswali mawili, na majibu yake hayafanani. Tuanze na lile la kwanza.

Wako watakaocheka wakidhani hodhi la kioo ni mchezo wa matajiri wa Ulaya. Basi na wajue kwamba hodhi hilo lilibuniwa na mwanamke fundi cherehani, tena lilibuniwa kwa ajili ya jamaa wa pweza. Jeanne Villepreux-Power alizaliwa Ufaransa mwaka 1794, akaishi kwa kushona na kudarizi nguo za mabibi wa Paris. Alipoolewa mwaka 1818 alihamia Messina, kisiwani Sicily, na huko akavutiwa na viumbe vya bahari. Wataalamu wa zama zake walikuwa wakibishana juu ya aina ya pweza aishiye ndani ya kombe jembamba kama karatasi: je, kombe lile hulijenga mwenyewe au huliiba kwa kiumbe mwingine? Mwaka 1832 Jeanne alitengeneza hodhi la kioo, akawatia pweza hao humo, akawatazama kwa subira. Akathibitisha kwamba mama pweza hulijenga kombe lake mwenyewe, na likivunjika hulitengeneza. Miaka baadaye sehemu kubwa ya maandishi na mikusanyo yake ilizama pamoja na merikebu iliyokuwa ikiyabeba, lakini jambo alilolithibitisha halikuzama.

Kwa hiyo pweza katika kioo si jambo geni duniani. Geni ni kumweka Kedowa.

Pweza tumjuaye sisi, yule anayechokolewa kwenye miamba kuanzia Kiunga hadi Mtwara, ni mkubwa na mwenye kushughulika mchana. Ana minyiri minane, mioyo mitatu, na damu yenye rangi ya samawati kwa kuwa imejengwa juu ya madini ya shaba, si chuma kama yetu. Hana mfupa hata mmoja. Kitu kigumu pekee mwilini mwake ni mdomo wake, uliofanana na wa kasuku. Jamaa yake aliyechunguzwa zaidi na wataalamu amekutwa na seli za neva zipatazo milioni 500, na thuluthi mbili zake haziko kichwani bali zimo ndani ya minyiri, hata kila mnyiri hupapasa na kuonja kana kwamba una akili yake. Mtafiti mmoja aliyemfuatia pweza wetu huyu kwenye miamba ya bahari ya Pasifiki alihesabu mabadiliko ya sura na rangi yanayokaribia elfu moja kwa muda wa saa saba. Na mwaka 2024 zilichapishwa habari za uchunguzi wa Bahari ya Shamu, ambako pweza huwinda pamoja na samaki wa aina mbalimbali: yule samaki anayezubaa pasi na kusaidia kazi hupigwa ngumi. Wavuvi wetu wa zamani wasingeshangazwa na habari hiyo hata kidogo.

Mnyama wa namna hii hahitaji bakuli la samaki wa dhahabu. Pweza wa aina ndogo hutakiwa kupewa hodhi lisilopungua lita 200. Huyu wa kwetu, ambaye hukua upesi mno na kufikia kilo kadhaa, atataka maradufu ya hapo na zaidi. Lita 400 za maji ni zaidi ya kilo 400, kabla hujahesabu kioo, mchanga na mawe. Mwenye nyumba ya mbao, na ziko nyingi huko juu, aitazame sakafu yake kwanza.

Kisha yaja maji yenyewe. Maji ya bahari yana chumvi takriban gramu 35 katika kila lita, lakini mtu asidhani kwamba atachota kibaba cha chumvi ya jikoni akakoroga. Bahari ina magnesi, kalisi na madini mengine mengi ambayo chumvi ya mezani haina, na kwa hiyo wafugaji hununua chumvi maalumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Hodhi la lita 400 likibadilishwa sehemu moja ya tano ya maji kila juma, ni lita 80, yaani madumu manne ya lita 20 na chumvi karibu kilo tatu. Kila juma, bila likizo. Wako watakaosema yaletwe maji halisi kutoka Mombasa kwa basi. Kutoka Mombasa hadi Kedowa ni takriban kilomita 700, na sijui kondakta gani atakayekubali madumu manne ya maji ya bahari kila Ijumaa.

Maji hayo hayamiminwi leo na pweza akatiwa kesho. Uchafu wa mnyama hugeuka amonia, ambayo ni sumu. Wako bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Bakteria hao huota polepole juu ya mawe na ndani ya chujio, na wafugaji wenye uzoefu huliacha hodhi la pweza likitembea tupu kwa muda wa miezi mitatu hivi kabla ya kumleta mwenyewe. Mtoto wa miaka tisa huiona miezi mitatu kuwa umri mzima.

Shaba ndiyo adui wa siri. Damu ya pweza imejengwa juu ya shaba, lakini shaba iliyomo majini humuua, hata ikiwa ni chembe. Nyumba yenye mabomba ya shaba, sufuria ya shaba iliyotumika kuchotea, au dawa za kutibu samaki zilizotiwa shaba, yote hayo ni mauti kwake. Na hapa natia neno kwa akina mama hasa, kwa kuwa ndio tunaozijua nyumba zetu. Ile pampu inayopuliza hewa ndani ya maji huvuta hewa ya chumba chenyewe. Ukifukiza udi siku ya Ijumaa, ukichoma ubani, ukipuliza dawa ya mbu au manukato, sehemu ya vitu hivyo itaingia majini. Mkono wenye sabuni, mafuta ya nazi au hina mbichi usitumbukizwe humo kabisa. Huko Kedowa kuna na jiko la makaa linalowashwa jioni kwa sababu ya baridi, na moshi wake hauna mwingine wa kumwendea ila wote waliomo chumbani.

Baridi yenyewe ni mlango mwingine. Maji ya miamba yetu huwa kati ya nyuzi 24 na 29 mwaka mzima. Kedowa iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku hali ya hewa huko huweza kushuka hadi nyuzi 10. Hodhi litahitaji hita inayofanya kazi usiku na mchana. Sasa sikilizeni jambo ambalo watu wachache hulifikiri: kwenye mwinuko kama huo kani ya hewa ni pungufu kwa zaidi ya moja ya tano kuliko Mombasa, na kwa hiyo maji hushika oksijeni kidogo kwa kiwango hicho hicho. Maji ya chumvi hushika kidogo kuliko maji baridi ya mto, na maji ya moto hushika kidogo zaidi. Pweza naye ni mwenye pumzi nyingi, na damu yake ya shaba si hodari wa kubeba oksijeni kama yetu. Yaani kiumbe mwenye haja kubwa ya hewa amepandishwa mlimani ambako hewa ni haba, kisha maji yake yakapashwa moto. Pampu zitalazimika kufanya kazi ya ziada, na umeme ukikatika usiku wa mvua, kama unavyokatika kwenye nyumba nyingi za mashambani, mwenye hodhi bila betri ya akiba ataamka asubuhi akute msiba.

Chakula nacho si omena. Sato, sangara na omena wa Ziwa Viktoria hupatikana kwa urahisi Kericho, lakini pweza hajengi mwili wake kwa samaki wa ziwa. Yeye ni mla kaa, kamba na chaza. Kamba waliogandishwa watatafutwa Nairobi, na kaa aliye hai ndiye anayemchangamsha. Asiyechangamshwa hudhoofika: hupauka, hujificha, na wengine wamewahi kuonekana wakijitafuna minyiri yao. Kwa sababu hiyo wafugaji humpa chupa yenye kifuniko na kaa ndani, aifungue mwenyewe, na huifungua.

Hufungua na mengine. Kwa kuwa hana mfupa, popote unapopita mdomo wake mwili wote utapita. Mwaka 2016 pweza aliyeitwa Inky, katika nyumba ya maonyesho ya viumbe vya bahari mjini Napier, New Zealand, alitumia mwanya uliobaki juu ya hodhi lake, akatambaa sakafuni, akajipenyeza kwenye bomba la maji taka na kurudi baharini. Inky alikuwa jirani na bahari. Pweza wa Kedowa akitoka usiku atakutana na sakafu kavu na, mbele yake, mashamba ya chai.

Nisisahau la usalama. Pweza wote wana sumu katika mate. Ya huyu wa kwetu huuma na kuvimbisha, na mara nyingi huishia hapo. Lakini yuko pweza mdogo mwenye pete za samawati, mzuri wa kutazamwa, anayeishi kati ya Japani na Australia, ambaye sumu yake huua mtu mzima na haina dawa ya kuibatilisha. Mfugaji asiyejua anaweza kuuziwa huyo kwa sababu ya uzuri wake. Na hata kwa pweza wetu, uvunaji wa viumbe vya bahari vya mapambo nchini Kenya unataka leseni, wala haifai mtu kuchukua chochote, hata jiwe la matumbawe, katika hifadhi za bahari kama zile za Malindi na Watamu zilizotengwa tangu mwaka 1968.

Basi jibu la swali la kwanza ni ndiyo: kwa fedha, kwa umeme usiokatika, kwa mtu mzima wa kuisimamia kazi kila siku, yawezekana. Nimesema mtu mzima kwa kusudi. Baba ndiye atakayenunua hodhi, mtoto ndiye atakayelitazama, na madumu manne kila juma tunajua yatabebwa na nani.

La pili ni zito zaidi, na sababu yake si maji wala umeme, bali umri wa pweza. Pweza wetu huishi mwaka mmoja, au mwaka na miezi michache. Hana zaidi ya hapo hata akitunzwa vipi. Jike hutaga mara moja tu maishani. Hutafuta pango, huziba mlango kwa mawe, hutundika mayai yake darini kama shada za zabibu ndogo, kwa maelfu na malaki. Tangu saa hiyo hali. Karibu mwezi mzima huyapangusa mayai kwa minyiri yake, huyapulizia maji safi, huwafukuza mikunga na samaki wanaoyataka, na mwili wake unakwisha huku ukiisha. Mayai yanapoanguliwa, naye yu ukingoni mwa mauti. Mwaka 1977 mtaalamu Jerome Wodinsky aliandika kwamba alipowaondolea mama pweza tezi mbili zilizo karibu na macho, waliyaacha mayai, wakarudi kula na kuishi muda mrefu zaidi. Maana yake ni kwamba hafi kwa njaa ya bahati mbaya. Kuna amri ndani ya mwili wake inayomwambia: mtumikie mwanao, kisha ondoka.

Nimeyaandika haya kwa urefu kwa sababu ndiyo yatakayotokea sebuleni. Jike aliye peke yake hodhini huweza kutaga vile vile mayai yasiyo na uhai, na kuyalinda kwa uaminifu ule ule hadi kufa. Na kama yana uhai, watoto wa pweza wetu ni wadogo kama chembe za mchele, huelea na mkondo wa bahari kwa majuma mengi kabla ya kushika mwamba, na hakuna familia inayoweza kuwalea ndani ya kioo. Kila pweza wa kufugwa wa aina hii ametolewa baharini, na akifa, mwingine hutolewa baharini kushika nafasi yake. Mtoto atakayekuwa amejifunza kumjua (maana pweza huwatambua watu, humjia amlishaye na humrushia maji asiyempenda) atamzika kabla ya mwaka kumalizika.

Katika dini yetu kufuga mnyama si haramu kwa asili yake. Masahihi mawili, Bukhari na Muslim, yametuhifadhia habari za Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, aliyekuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Ndege alipokufa, Mtume wetu (S.A.W.) alimliwaza mtoto kwa upole na utani, na wanavyuoni wakachukua hapo ruhusa ya kuweka ndege nyumbani kwa sharti la kumtunza. Vitabu hivyo hivyo vina habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Kula pweza ni jambo jingine, na wafuasi wa Imamu Shafi pwani nzima wanamla kwa raha zao, ingawa ndugu zetu wa madhehebu mengine hawamli. Yule aliyekwisha kuvuliwa kwa chakula amekufa upesi. Wa hodhini amebaki mikononi mwako, na haja zake zote, hewa, joto, giza la pango na kazi ya kuushughulisha ubongo, hana pa kuzipata ila kwako. Kwa nyumba ya Kedowa, naona masharti hayo hayatimiziki. Maoni yangu kwa mama huyo ni kwamba asikubali, na amweleze mwanawe sababu zote bila kumficha hata moja. Hodhi, kama limekwisha kununuliwa, na litiwe maji ya mto na samaki wadogo wa maji baridi. Maarifa ya amonia na bakteria ni yale yale, na mtoto atajifunza mengi.

Lakini hamu ya mtoto ni neema na haifai kuzimwa. Mwambieni kwamba bibi zake wa pwani wamekuwa wakimjua pweza vizazi na vizazi bila kioo. Pate, Pemba na kusini mwa Unguja, wanawake hutembea miambani maji yanapokupwa, na huligundua pango kwa takataka zilizo mlangoni: magamba ya kaa na makombe yaliyopangwa kama jaa dogo. Pweza alipoanza kuwa haba, vijiji kadhaa vya Pemba na vya pwani ya Kenya vilifuata njia iliyoanza kijijini Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004: sehemu ya mwamba hufungwa kwa miezi michache, haingii mtu, kisha hufunguliwa. Kwa kuwa pweza hukua upesi mno, miezi mitatu tu yatosha kumgeuza mdogo kuwa mkubwa. Siku ya kufungua mwamba kijiji kizima hushuka pwani, wazee, vijana na akina mama na vikapu vyao, na mtoto aliyeishuhudia siku hiyo hatamani tena kioo.

Wanaotaka kumpeleka mtoto wakati wa likizo wasihitaji chati ya bandari. Kalenda yetu ya Kiislamu inatosha. Bamvua huja mara mbili kila mwezi, siku za mwezi mwandamo na siku za mwezi mpevu, na nguvu yake huonekana siku moja au mbili baadaye. Siku hizo, kwenye pwani yetu, maji hukupwa kabisa kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, na mwamba hubaki wazi kwa muda wa kutosha. Shukeni mapema, maji yakiwa bado yanatoka, pamoja na mwanamke mwenyeji anayeijua njia, na mrudi mara maji yanapogeuka, kwa kuwa hujaa kwa haraka na tofauti ya kupwa na kujaa hukaribia mita nne. Mtoto avae viatu vigumu. Asitie mkono shimoni, hata akiliona jicho likimtazama.